Kifuniko na Gari la Wakwe

Gari lililoupanda mlima ule bila kuchemka lilikuwa jipya, au lilikuwa linakokotwa. Ndiyo maana gereji iliwekwa pale chini, mwanzo wa mlima, kama mtego mlangoni pa panya. Mafundi walikaa juu ya matairi mabovu wakitazama barabara, na likitokea gari linalofuka mvuke waliimba kwa pamoja, "Karibu, mgonjwa!"

Hapo ndipo alipofanyia kazi Kifuniko. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kufa kifo cha mende, hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Alipokuwa anajifunza kazi, fundi mkuu wa wakati huo alimwambia, "Fungua rejeta, imeshapoa." Haikuwa imepoa, na wote walijua. Walikuwa wamerudi nyuma kidogo ili waone vizuri. Kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, kiliruka kikagonga bati la paa, maji yakamvaa usoni upande wa kushoto, toka kwenye paji mpaka shingoni. Walicheka mpaka walipoona ngozi inatoka na kitambaa. Jicho la upande ule likabaki dogo, kama linakonyeza, na kwa kuwa linakonyeza, watu wakapata cha kuchekea kila siku.

Tangu hapo hakuamini mdomo wa mtu. Aliamini mpira wa juu, ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Unauminya kwa vidole. Ukiwa mgumu kama mfupa, ndani kuna mvuke unaosubiri mjinga. Ukilegea kama sikio la mbuzi, fungua.

Mkewe alifariki binti yao akiwa bado ananyonya, na Kifuniko akamlea peke yake. Alimsuka nywele kwa vidole vyenye grisi, akamsomesha mpaka chuo. Siku moja ya mvua, mtoto akiwa darasa la chini, alimpelekea mwavuli shuleni. Watoto walipomwona walitimua mbio, na aliyetangulia mbele ya wote alikuwa bintiye. Jioni akamwambia, "Baba, usije tena shule. Nitalowa tu." Kifuniko hakwenda tena.

Sasa binti alikuwa mkubwa na alikuwa amepata mchumba. Asubuhi moja Kifuniko alimkuta sebuleni anapiga pasi shati lake jeupe, la pekee alilokuwa nalo la kutokea.

"Leo wanakuja wazee wa upande wa kijana, baba," binti alisema bila kuinua macho.

"Basi sitakwenda kazini. Niachie shati likipoa."

Pasi ilikwenda ikarudi. "Baba mdogo atawapokea. Wewe nenda tu kazini, jioni nitakueleza yote."

"Mimi nisiwepo?"

"Siku ya kwanza tu, baba. Wakishazoea..."

Kifuniko aliimaliza chai yake. Aibu ya uso alikuwa ameizoea. Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja tu, mbele za watu, mtu amwoneshe kidole aseme yule pale ndiye baba wa bibi harusi. Hata akiwekwa mlangoni kwenye viatu, si haba.

"Haya, mwanangu," alisema, akaondoka.

Jua lilikuwa limepanda lilipotokea gari la zamani lililooshwa likang'aa, mvuke unatoka puani kama ng'ombe aliyekimbizwa. Mafundi wakaimba. Akashuka mwanamume mwenye tai, uso umemwiva kwa hasira, akainua boneti na kuupeleka mkono kwenye rejeta, leso imefungwa kiganjani.

"Sogeeni, jamani," alisema Domo, fundi wa breki, mtu ambaye ulimi wake haukuwa na breki. "Sinema imeanza!"

Wote wakarudi nyuma. Kifuniko peke yake akaenda mbele, akamdaka yule bwana kifundo cha mkono.

"Acha, mzee. Mpira mgumu huo."

Bwana akauvuta mkono kama aliyeguswa na chura. Kutoka kiti cha mbele mama mmoja mnene, amejipamba, akachungulia dirishani.

"Mungu wangu! Uso gani huo?"

"Ni matangazo ya biashara, mama," alisema Domo. "Anaonyesha asiyesikia atakavyokuwa."

Kifuniko aliuminya mpira wa juu. Alisubiri injini itulie. Alipitisha mgongo wa mkono kwenye rejeta, juu, katikati, chini, kutafuta sehemu ya baridi ambapo maji hayapiti. Hakuiona. Feni ilikuwa inazunguka. Kisha akatazama ile chupa ya plastiki ya maji ya akiba, ikawa imejaa mpaka inamwagika. Mpira ulipolegea alifungua rejeta akachungulia. Ndani hamna maji.

"Mmebadilisha nini humu?"

"Useme hatujabadilisha nini! Rejeta mpya, feni mpya, pampu ya maji mpya. Nimeliwa na mafundi wenzako mpaka nimebaki mifupa."

"Na kifuniko?"

"Si huyu hapa!" alidakia Domo, na matairi yote yakacheka.

"Kifuniko ni kitu gani bwana," alisema mwenye tai. "Kazi yake kufunika."

Kifuniko akakigeuza akamwonesha mpira wa ndani, umekauka na kupasuka kama kisigino. "Hiki ndicho kinachoyabana maji yasichemke mapema. Kikichoka, maji yanakimbilia kwenye chupa, na injini ikipoa hakina nguvu ya kuyavuta yarudi. Chupa inashiba, rejeta inakufa njaa. Mngenunua gari zima jipya mkakiweka hiki, nalo lingechemka."

"Basi fanya haraka, fundi," alisema mama wa mbele. "Tunakwenda kuposa. Huyu ni mjomba wa mwanangu. Ni hapo juu tu, kwa karani mmoja, nyumba yenye geti la buluu."

Mkono wa Kifuniko ukasimama hewani. Geti la buluu alilipaka yeye, kwa rangi ya gari iliyobaki pale pale gereji. Nyumba ilikuwa yake. Karani alikuwa mdogo wake tu, na hakuwahi kuichangia hata msumari.

"Binti mwenyewe maskini ni yatima," mama aliendelea, anajipepea. "Mama alifariki zamani. Baba naye aliunguzwa na gari akafa. Aliniambia mwenyewe huku analia, mpaka na mimi nikalia. Karani ni baba yake mdogo, ndiye aliyemlea."

Domo aliukaza mdomo ukamshinda. Akainama sikioni mwa Kifuniko.

"Kumbe miaka yote tunafanya kazi na maiti! Ndiyo maana unanuka." Kisha akainua sauti. "Mama, huyo marehemu mlipata kumjua?"

"Hatukubahatika, baba."

"Hamkupoteza kitu."

Kifuniko alikishika kile kifuniko kibovu kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingemvua binti yake nguo mbele ya wakwe, na wakwe wangegeuza gari wakarudi walikotoka. Angeweza pia kunyamaza awaache waende, gari lingewafia njiani lenyewe, mkono wake usionekane. Domo alikwisha kumnong'oneza hivyo. Ila kitu kimoja kilimsumbua: hakuwa amemsikia binti akisema. Alisikia mdomo wa watu. Labda akimwona pale mlangoni ulimi utamteleza, atasema baba.

"Kifuniko cha saizi hii hapa sina," alisema. Ilikuwa kweli. Vyake alivihamishia nyumbani, ndani ya kopo la rangi, baada ya wenzake kuvigeuza visahani vya majivu ya sigara. "Najua pa kukipata huko juu. Nijaze maji, nipande nanyi, nitaliangalia njiani."

Shangazi wawili waliokaa nyuma wakabana magauni yao. Hakuna aliyesogea. Mjomba akafungua buti, na Kifuniko akakaa humo na dumu lake la maji, miguu inaning'inia nje.

"Washeni hita mpaka mwisho," alisema kutoka huko, "na vioo fungueni vyote."

"Na jua hili? Unataka kutubanika?"

"Moto ukija kwenu unaondoka kwenye injini. Chagueni nani aungue."

Wakaupanda mlima polepole kama wanaosindikiza jeneza, poda inawatiririka mashavuni. Walipofika geti la buluu, shangazi walikuwa na michirizi kama ukuta uliovujiwa.

Karani alitoka kuwapokea mikono wazi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi asubuhi. Lilimbana tumboni.

Nyuma yake akaja binti, anatabasamu, amependeza mpaka Kifuniko akasahau kidogo kilichomleta. Alipomwona anashuka kwenye buti, tabasamu halikuondoka. Macho ndiyo yaliyoondoka.

"Tusamehe kuchelewa, mwanangu," alisema mama wa kijana. "Asingekuwa fundi huyu tungelala njiani. Usiogope uso wake."

Kifuniko alisimama na dumu lake. Alisubiri.

"Asante, fundi," alisema binti. "Karibuni ndani, mama. Karibu, mjomba."

Wakaingia. Kifuniko alizunguka nyuma ya nyumba kulifuata kopo lake.

"Huyo anakwenda wapi nyumbani kwa watu?" mjomba aliuliza.

"Mwache," alisema karani. "Huwa anaweka takataka zake huko. Tunamsaidia tu."

Aliporudi na kifuniko kizima mkononi, dirisha la sebule lilikuwa wazi na sauti ya mdogo wake inatoka imejaa, kama mtu anayeongea na tumbo lililoshiba. "Marehemu kaka alikuwa mtu wa watu. Aliniachia mtoto huyu mikononi mwangu, akasema, mdogo wangu, usimtupe."

"Alikuwa na moyo," alisema mama wa kijana. "Tusimame kidogo, tumkumbuke."

Viti vilikwaruza sakafu, halafu kimya. Nje, Kifuniko naye alikuwa amesimama. Injini ilikuwa inapoa, chuma kinalia tik, tik, tik, na hakuna kingine kilichosikika mpaka viti vilipokwaruza tena.

Binti akatoka na jagi la maji ya baridi. Alisema kwa sauti ya kusikika ndani, "Maji ya gari haya, fundi," kisha akashusha sauti. "Umefuata nini hapa?"

"Kifuniko."

"Nilikuambia ubaki kazini!"

"Nilikuwa kazini. Wamenipitia."

Binti akatazama dirishani. "Ilianza chuoni, baba. Waliniuliza baba yako yuko wapi, nikajikuta nimesema. Halafu haikurudi nyuma tena."

"Nilikufa lini?"

"Baba!"

"Nijue tu, nisije nikakosea nikiulizwa."

"Nikiwa darasa la chini."

"Nilizikwa vizuri?"

"Nitawaambia baada ya harusi. Naapa."

"Nitafufuka baada ya harusi."

"Ukisema leo umenimaliza," alisema binti. "Kama unataka kunimaliza, ingia useme. Kama hutaki, jaza maji uende."

Akampa jagi. Vidole vyao viligusana, na binti akaufuta mkono wake kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni. Hakujua kama ameufuta. Kifuniko aliona.

"Maji ya baridi hayatiwi kwenye injini ya moto," alisema. "Inapasuka. Chukua jagi lako."

Alisubiri. Aliminya mpira wa juu, akasubiri tena, akaminya, mpaka ukalegea. Akajaza maji ya dumu, yaliyopashwa na jua, taratibu, akaiwasha injini ingurume mpaka mapovu yakaisha. Akafunga kifuniko chake akakisokota mpaka kikauma.

Wageni walitoka wanacheka. Mambo yalikuwa yamekubaliwa. Mama wa kijana alimshika binti kiuno kama mali yake.

"Fundi, umetufaa sana," alisema. "Siku ya harusi msafara utapita mlima huu huu, magari yote ya kuazima. Njoo utuangalizie. Utakula vizuri, huko nyuma na madereva. Au siyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama!" alisema binti haraka, kwa furaha ya mtu aliyevuka shimo. "Fundi aje tu. Atakula na madereva."

Kifuniko alifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Sitaweza, mama. Nimefiwa."

"Maskini! Na nani?"

"Binti yangu. Nilikuwa naye huyo huyo mmoja."

Mama akaweka mkono kifuani. "Lini tena?"

"Leo."

"Leo! Na ukaja kazini?"

"Sikuwa na habari. Habari nimezikuta njiani."

Mjomba akavua miwani. Karani akajishughulisha na kifungo cha shati. "Alikuwa mkubwa?" mama aliuliza, machozi yanamlenga.

"Wa kuolewa."

"Mungu wangu! Mwanangu," mama akamgeukia binti, "wewe unaujua msiba. Mpe mwenzio pole."

Jagi lilikuwa bado mikononi mwa binti. Alisema akilitazama hilo:

"Pole, fundi."

Kifuniko alishusha boneti, akaikandamiza kwa mikono yote miwili mpaka ikashika. "Hita sasa zimeni," alimwambia mjomba. "Teremkeni kwa gia nzito."

Hakuingia ndani. Aliteremka kwa miguu mpaka gereji, ambako Domo alikuwa amewapanga wenzake mstari, vichwa vimeinamishwa, kumpokea marehemu. Aliwapita. Usiku ule alilala kwenye kiti cha nyuma cha gari lililokatwa, na usiku uliofuata, na kiti hicho kikawa chake. Binti hakuja kumwita. Karani alikuja mara moja, akauliza ufunguo wa stoo ya nyuma, akapewa.

Siku ya harusi msafara ulipita, mapambo yanapepea. Mafundi walisimama juu ya matairi wakisubiri mvuke, koo zimekwisha kusafishwa. Mbele kabisa, na bibi harusi ndani yake, lilikuwa gari lile lile la zamani. Kifuniko alilitazama mpaka likapotea kileleni. Halikuchemka.