Hata Unachokitupa, Kijue

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama vile nimeshuka mlimani asubuhi hii. Juzi ulipopanda kutoka Mazimbu uliniamkia vizuri, kisha ukanionyesha kwenye simu maua ya njano uliyoyapiga picha kando ya njia. Ukasema, "Mama mkubwa, haya yote si mchunga tu?" Nilicheka mpaka ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwepesi wa miguu na wa mdomo pia. Mama mdogo Zena alikuwa na siku nne tangu ajifungue, na chakula kilikuwa hakimpiti. Kila sahani ilirudi imejaa. Siku hiyo akatamani mchunga, ile mboga chungu ya porini, na nyumba nzima ikachangamka, maana mzazi asipokula, maziwa ya mtoto yatatoka wapi? Nyumbani kwetu kazi ya kumchumia mzazi mboga ilikuwa ya binti wa dada yake. Basi nikapewa mimi! Nilipanda mlima huku naimba.

Masika ilikuwa imekwisha, na mashamba yaliyopumzishwa yalijaa njano tupu. Niliona njano, nikachuma njano. Sikupindua jani wala sikunusa, nilitaka tu isemwe kwamba nimewahi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini siku ile nani angeniambia nikasikia? Jua halijakaza nilikuwa jikoni, sufuria inatokota, mkono umejaa mboga nataka kuitumbukiza.

Bibi, mama yake mama yangu, akaudaka ule mkono. Hakufoka. Alimwaga kikapu chote kwenye ungo, akausogeza mlangoni penye mwanga.

"Kaa," akasema. "Kata shina."

Nikakata. Likatoka tone jeupe kama maziwa.

"Huo mchunga. Kata na hilo jingine."

Nikakata. Maji tu. Nikakata jingine, nalo maji.

"Majani haya ya maji hayaui leo," Bibi akasema. "Yanakula ini polepole, na mwenye kuyala hajui. Ulikuwa unakwenda kumlisha nani?"

Nililia, mwanangu, siwezi kukuficha. Nikachambua huku machozi yananidondoka, mchunga huku, ya kutupa kule, nikasema nimemaliza.

"Hilo rundo la kutupa lina mimea ya aina ngapi?" Bibi akauliza.

"Moja, Bibi."

"Tazama tena."

Nikainamisha uso, na weee! Jani lilifanana na jani, lakini ua! Moja lilikuwa na kitufe katikati, kimezungukwa na petali za njano, jua lile wanalochora watoto. Jingine halikuwa na petali hata moja, lilikuwa kibrashi kifupi tu kinachochungulia. Na mchunga nao ulikuwa petali tupu mpaka katikati. Ukoo mmoja, ndugu watatu, na mimi nimepishana nao tangu utoto bila kuwasalimia! Machozi yalikauka yenyewe. Nikawa napiga kelele pale mlangoni, "Bibi, na hili! Bibi, tazama hili!" mpaka mama mdogo akauliza kutoka ndani kuna nini.

"Lakini Bibi," nikasema, "yote mawili yanatupwa. Ya nini kuyatofautisha?"

"Kwa sababu hayatakungoja na maua kila siku," akajibu. "Kesho utayakuta machanga, majani matupu, na lile usilolijua ndilo litakaloingia kikapuni. Hata unachokitupa, kijue."

Nikarudi mlimani, safari hii kwa mwendo wa kinyonga. Mchana nilishuka na kikapu nusu. Mama mdogo akala, akaomba tena, nami nikacheza uani bila ngoma.

Basi sikia, mwanangu. Simu yako iulize, si vibaya, lakini usiipe kazi ya macho yako. Jani lipindue, shina likate, ua lihesabu. Na hata ukiona maziwa usiseme umeshajua, maana mimea yenye utomvu mweupe ni mingi na mingine ni mibaya. Muulize anayeijua, na ukiwa na shaka, usipike. Usifurahie kuwahi kabla hujajua umebeba nini. Mwenda pole hajikwai, na furaha ya kuona vizuri inashinda ile ya kufika wa kwanza, mimi nimezionja zote mbili.

Tena kuna jambo sijawahi kukuambia. Yule mtoto aliyekuwa ndani siku ile, akilia akisubiri maziwa, ndiye mama yako.

Mungu akujalie macho yenye subira, na mikono yako isimpelekee umpendaye kitu usichokijua. Kesho jiandae mapema, tunapanda wote.