Tangi Lililokosa Pumzi
Juzi, mbele ya hoteli moja ya Kasese, mama wa Bwera mwenye gari la kuosha vioo, lenye tangi la maji na pampu, alikuwa amepaka sabuni madirisha yote, pampu ikalegea. Maji yalitoka kwa nguvu, kisha yakawa ya kudondoka. Sabuni ikaanza kukauka. Meneja akasimama mlangoni: "Wageni wa harusi wakikuta hii uchafu, kazi napatia mwingine."

Mama akampigia simu Mkongo aliyemuuzia pampu. "Weye muongo! Pompi yako haina presha!"

"Mama, tangi ulifunga na kaveera?"

Mama akalikimbilia tangi garini. Alikuwa ameweka mfuko wa plastiki chini ya kifuniko, kama tufanyavyo sote kwenye jerikeni, maji yasimwagike njiani. Hewa haikuwa na pa kuingilia, na pampu haivuti maji kwenye tangi lililozibwa. Alipouchomoa, tangi likavuta pumzi, mpira wa maji ukaruka, maji yakapiga ghorofa ya pili.

"Sasa inatoka?"

"Inatoka kidogo," akajibu, akakata simu.

Mimi uongo hunikera. Eti kidogo! Meneja alikuwa amelowa mpaka soksi.