Kuku Aliyewikia Mlango wa Bibi

Mimi nikiwa mtoto, kuku jike hakuwa na ruhusa ya kuwika. Kazi yake kutaga na kulea. Sauti ni ya jogoo. Akijisahau akawika, kijijini kwetu Kitanga watu walitazama kwanza kaelekeza wapi mdomo, maana kifo kilifuata mdomo. Mkitaka kucheka chekeni. Mimi niliyesomea sosholojia chuo kikuu, na sasa naokota mayai uani huku CV zangu zikiozea kwenye droo za wakubwa, sicheki.

Kuku wetu mwekundu aliwika alfajiri moja, juu ya kichuguu, mdomo umeelekea ua wa minyaa, kwa jirani yetu Mama Bukuru. Na mumewe alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga, tumbo limejaa maji. Uji wetu haujachemka, Mama Bukuru yuko uani. Hata kuamkia hakuamkia.

"Mama, inkoko yako inamwita mume wangu."

"Inawika tu," Bibi akasema. "Hata jina lake haijui."

Mama Bukuru alitaka achinjwe siku hiyo hiyo. Baba mdogo alishashika kisu, Bibi akamnyang'anya. Nilidhani anamhurumia kuku. Baadaye tukichambua maharage akanieleza.

"Nikimchinja nimekiri uchawi, mwana wanje. Baba Bukuru akifa, watasema nilichelewa. Akipona, watasema nilimwachia."

Bibi alikuwa mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Kijiji cha pili bibi mwingine mwenye macho kama hayo alichomewa nyumba, na huyo hata kuku hakuwa naye. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililijua.

Jioni Bibi alimfunika kuku kwa tenga barazani kwetu. Tenga lilikuwa na tundu moja la kutolea kichwa, na tundu lile akalielekeza kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Kisha akasogea kwenye minyaa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa:

"Kama kuna kifo humo, kianzie kwangu."

Kulipokucha kuku akatoa kichwa, akawika. Bibi akatoka, akaketi kizingitini mbele ya mdomo ule ule, akanywa uji wake taratibu. Majirani wakachungulia kama wanaangalia mpira. Mimi nilishika khanga yake.

Mama Bukuru alivumilia asubuhi chache. Kisha akaja, na safari hii akaamkia: "Mwidiwe, Mama." Akasema usiku hapati usingizi. Mumewe akipona halafu Bibi afe, yeye atapita wapi mbele za watu?

"Mgeuze," akasema.

"Nimgeuze wapi?"

Hapo ndipo wote wawili walikwama. Huku alikaa mwalimu aliyehamishwa kutoka Mbeya, na mkewe mjamzito. Kule duka la Mzee Juma, ambaye hakuna msiba aliokosa. Kwingine kanisa. Mama Bukuru akauliza, je, wakimwelekeza juu? Bibi akamwambia juu yuko Mungu, na Yeye pia ni jirani. Wakaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka Mama Bukuru akakaa chini na kujifuta machozi, nami sikujua ni ya kicheko au ya yale mengine. Wakainua tenga pamoja. Kuku, hana adabu, akaenda moja kwa moja kufukua mchicha wa Mama Bukuru. Hakuna aliyemfukuza.

Baba Bukuru alirudi, amekonda kama fito, akapona polepole. Bibi aliishi mpaka nikamaliza sekondari. Wapo waliosema kuku alishindwa, wapo waliosema alikosea njia.

Chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba imani za namna hii zitaisha watu wakielimika. Nikapewa A, na hiyo A mpaka leo haijanilipia hata vocha. Bibi hakusubiri mtu aelimike. Hofu ya jirani aliipokea kama ilivyo, akaibeba mpaka mlangoni kwake, na huko jirani akaona aibu kumwacha nayo peke yake.

Sasa nafuga wangu hapa Kasulu mjini. Jana jirani alinirushia maneno juu ya ukuta, kuhusu kuku na kuhusu wasomi wasio na kazi. Nilikuwa na majibu, tena ya moto. Nimeyameza. Kesho nitapita getini kwake, nimwamkie vizuri, nimuulize kuku wangu wanamtisha nini.