Waya wa Redio Ulioiponza Meli Yetu

Meli yetu ya vita ilizama ikiwa imefungwa kamba bandarini Iskandaria. Bahari shwari, hakuna hata risasi iliyolia.

Walikufa kumi na mmoja, swahiba wangu Sobhi akiwemo.

Waulize wazee wa mtaa wa Bahary, watakwambia wapiga mbizi wa adui walitega bomu. Ulikuwa mwaka 1969, tupo vitani, nani angebisha?

Mimi nabisha. Nilikuwa fundi umeme wa meli ile.

Kila siku saa kumi na moja na robo jioni, watu waliacha kazi kusikiliza mchezo wa redio. Redio yetu ilikuwa kwa maofisa. Mabaharia wa chini waliambulia patupu.

"Fathi, leo ndiyo mwisho wa mchezo!" Sobhi alinibana. "Nisipojua kama bibie kaolewa, urafiki basi!"

Nikawavutia waya na spika, kupitia mlango wa chuma wa kuzuia maji. Ili mlango usikate waya, nikaufunga kwa mnyororo ubaki wazi. Luteni akapita, akacheka. "Ongeza sauti," akasema.

Mchezo ukiwa katikati, bomba la maji ya bahari la chumba cha injini, lililokuwa matengenezoni, likafumuka. Mlango ungekuwa umefungwa, maji yangeishia kulekule.

Nilihangaika na mnyororo ule hadi maji yakanifika kidevuni. Wenzangu wakanivuta nje kwa nguvu. Kule kwa maofisa redio ilikuwa bado inaongea.

Nilikaa na hilo miaka ishirini na mitano. Halafu nikasikia mama yake Sobhi ni mgonjwa. Nikaenda. Sikutaka afe na uongo.

"Mama, hakukuwa na bomu. Ni mlango. Mimi ndiye niliyeuacha wazi."

Akaweka chini bilauri ya chai. "Nani kakununua, Fathi?"

"Hakuna, mama. Wallahi."

"Usiniapie! Siku ya matanga ulikaa hapohapo, ukashika msahafu, ukasema uliwaona wapiga mbizi kwa macho yako!"

Ni kweli.

Tulipohojiwa nani kaacha mlango wazi, niliingiwa na hofu. Nikasema niliona mapovu, kisha kichwa cheusi majini. Kesho yake magazeti yakaipamba habari hiyo. Nikapewa nishani.

"Mwanangu alikufa shahidi," alilia. "Hakufa kwa mchezo wa redio. Toka!"

Alifariki baada ya wiki mbili. Mazishini jamaa zake wakanisogeza mbele. "Huyu ndiye aliyewaona!" Nikasogea, nikapokea jeneza.

Ndugu zangu, mkisikia njama, mtafuteni kwanza aliyepaswa kufunga mlango. Na wewe uliyeuacha wazi, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, ukweli wako ndio utakaoitwa njama.