Jumamosi Ni Visiting, Mama Mwende

Siamini bado, na kusema kweli nimekataa kuamini. Juzi asubuhi nilikupigia simu nikingoja useme "Sema, Mama Njeri," ikapokelewa na mtu anayelia.

Kwa wasiomjua: Mama Mwende ndiye mwenye kile kiwanda cha tomato sauce hapa Kitengela, na ndiye aliyeanzisha shule ya bweni upande wa Kajiado. Mimi nilikuwa supervisor wake wa packing, halafu nikawa rafiki yake.

Tulianza miaka ya tisini kwa sufuria za harusi alizoazima kanisani. Nyanya zilitoka Entarara. Tulinuka siki mpaka kwenye nywele, na mume wangu akaanza kuniita Chips.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Kifuniko kimoja kikilegea, carton nzima inarudi. Oh my God, tulimnung'unikia huyo mama!

Shule ilikuja baadaye, kwa faida ya sosi. Watu wakamcheka eti pesa zinamwasha. Watoto wengi walitoka mbali, Mashuuru na kwingine, na mwaka mmoja wa kiangazi kikali wazazi wao walikuwa wamehama na ng'ombe kutafuta nyasi.

Siku ya visiting, wazazi wanapokuja shuleni kuona watoto wao, alipita bweni akamkuta Nasieku, msichana wa darasa la nne, amejifunika blanketi mchana. "Tumbo inaniuma," akasema. Tumbo lilikuwa zima. Wenzake walikuwa nje wakila kuku na wazazi wao, na yeye hakuwa na mgeni.

Muhula uliofuata, asubuhi ya visiting, Mama Mwende alizima boiler. Lori lilikuwa limetoka kushusha nyanya zilizoiva kabisa, za kupikwa siku hiyo hiyo. Nikapiga kelele: "Mama Mwende, hizi zitaoza!"

"Wacha zioze," akasema. "Nyanya nitanunua zingine. Vaeni nguo za kanisa mpande lori."

Tukagawiwa watoto wasio na wageni. Mimi nikapewa Nasieku. Akaniangalia weee, kisha akauliza, "Wewe ni nani yangu?" Nikamwambia mimi ni mgeni wake na nimebeba chapati. Alikula huku amenishika sketi.

Nyanya zilioza kweli. Tulizimwaga Jumatatu na hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo, kila visiting kiwanda kinafungwa. Kuna buyer wa supermarket alitoka Nairobi na order kubwa, akaambiwa arudi Jumatatu au apande lori. Alipanda, na suti yake!

Sasa nisikilizeni vizuri. Jana kamati ya mazishi imeamua azikwe Jumamosi hii, kwao Kitui. Jumamosi hii ni visiting. Mwenyekiti anasema visiting isogezwe hadi term ijayo, na watoto waletwe na uniform wapange mstari waimbie wageni wa heshima.

Nikasimama nikasema azikwe Ijumaa. "Mama Njeri, hii ni mambo ya familia," akaniambia. "Gari na pastor washapangwa."

Sawa. Gari na pastor wabaki na Jumamosi yao. Headteacher amekataa kufuta visiting. Packing wote wamesema ndiyo. Nasieku, ambaye siku hizi ni mama wa watu, anatoka Mashuuru kuja kuwa mgeni wa mtoto asiye wake.

Mnaotaka kusema sina heshima, comments ziko wazi, semeni. Nimelia tangu juzi na Jumamosi nitalia tena nikisukuma chapati. Nilitaka sana kukutupia udongo kwa mkono wangu, rafiki yangu, na inaniuma mpaka kifuani. Lakini nikija Kitui, kuna mtoto atajifunika blanketi.

Mama Mwende, kaburini nitakuja Jumapili. Jumamosi usinitafute. Lala salama, watoto wana wageni.