Meno ya Kutafunia

Barnabé alifika Nateete na vita vya kwao mgongoni, kama sisi wengine tulivyofika na njaa za kwetu. Alivuka mpaka kutoka Butembo, Congo, na mkewe Mbambu, binti yao Estelle, na mfuko wa vyombo vya kutengenezea meno. Akapanga chumba ubavuni mwa jiko langu la chapati, nyuma ya soko, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: MENO BANDIA HAPA. Mimi Nabangala shule niliiona kwa nje tu, lakini maneno hayo wateja walinisomea.

Huyo mtu alikuwa na mikono! Mzee akipiga miayo ng'ambo ya barabara, Barnabé ameshajua kipimo cha ufizi wake. Kuna dereva wa lori aliyevaa meno yake. Breki zilipokatika mteremkoni, dereva akatoa kichwa dirishani, akauma nguzo ya umeme, lori likasimama. Nguzo ina alama mpaka leo. Anayebisha aende akaitazame, mimi miguu inanisumbua.

Ila nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na mdomo mtupu. Wakati wa kukimbia, askari alimpiga Mbambu kitako cha bunduki, meno yote ya mbele yakaenda, ya juu na ya chini, na magego yakaoza yakafuata. Tangu hapo alicheka na kiganja mdomoni. Alikula uji na matoke ya kuponda. Kila mara Barnabé alipoanza kutengeneza ya mkewe, alitokea mteja mwenye harusi, au padri mwenye mahubiri ya Pasaka.

"Mama Estelle atangoja," alisema. "Yeye ni wa nyumbani."

Na kweli Mama Estelle alingoja, mpaka Estelle akawa msichana wa kusukwa nywele na wenzake.

Kisha tumbo likamshika Mbambu. Hospitali ya Mulago walimpima, wakampima tena, mwishowe wakamvuta Barnabé pembeni wakamwambia amrudishe nyumbani, akae naye vizuri. Akalazwa nyuma ya pazia, mle mle chumbani mwa kazi. Siku moja nikampelekea uji, akausukuma kwa kidole.

"Koko," aliniambia, maana ndivyo wao wanavyoita bibi, "nimechoka na uji. Mbele ya kwenda kaburini, nataka kutafuna muhindi ya kuchoma. Nisikie ikilia ndani ya kinywa yangu."

"Muhindi wa Nateete mgumu kuliko moyo wa mwenye nyumba," nikamwambia. "Utaung'ata, ukung'ate."

Akacheka, na kiganja mdomoni. Upande wa pili wa pazia msasa wa Barnabé ukanyamaza.

Toka saa ile aliacha kazi za watu wote. Alimpima mkewe, akachagua jino moja moja kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Yakaisha, yakabaki kung'arishwa tu. Akayafungia kabatini pamoja na kile kipimo cha plasta cha mdomo wa mkewe, alale, kesho amalizie.

Kesho yake akaja Olweny.

Olweny alitoka ofisi inayosimamia dawa na vifaa vya tiba. Alikuwa mrefu hivi kwamba mvua ikinyesha yeye analowa kwanza, sisi wengine tunapata habari baadaye. Akasimama nje akisoma ukuta.

"Muzee, wewe mwenyewe umeandika kwa ukuta kwamba unatengeneza bandia?"

"Ndiyo, chefu," akasema Barnabé, kwani kwao kila mkubwa ni chefu. "Bandia mazuri sana."

"Mimi natafuta watu ya bandia mji muzima, wanajificha. Wewe unaweka tangazo!"

Nilicheka mpaka chapati ikaungua. Ilitubidi tumweleze kwamba hiyo ni bandia ya meno yasiyozaliwa mdomoni, si bandia ya wezi wanaoghushi dawa. Alielewa, lakini hakuondoka.

"Jjajja, usicheke," akaniambia, maana huku bibi ndiye Jjajja. "Kuna musichana Kabalagala, fundi alimuwekea meno na gundi ya viatu. Taya ilioza. Nilimuona na macho yangu."

Basi hapo kicheko kikanikauka.

Akaingia, akaanza kupanga vitu mezani: upande huu vifaa vya tiba, vinavyotaka kibali, upande ule vitu vya kawaida. Koleo, tiba. Kioo kidogo chenye mkono, tiba.

"Hata mimi ninacho kioo," nikasema, "natazamia ndevu za kidevuni. Nami nina hospitali?"

"Jjajja, kitu inategemea unaikusudia nini. Kikombe ya kusukutua, hiyo ni kikombe tu. Hii kiti?"

"Ilikuwa ya kinyozi," akajibu Barnabé.

"Kwa kinyozi ilikuwa kiti. Hapa unalaza mutu unachimba mudomo. Hapa ni kifaa."

Nikaona huyu si mjinga, wala si mtu mbaya, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mtu mbaya ungejua namna ya kumzunguka.

Akafungua kabati. Akayatoa meno ya Mbambu, akayaweka kiganjani. Yalikuwa mazuri, nakuapia, ungedhani yatasema.

"Na hii?"

"Ni ya bibi yangu. Yeye ule, analala nyuma ya pazia."

Olweny akatazama pazia, akashusha sauti. "Muzee, nikuulize vizuri. Kama ni ya urembo tu, ya kupendeza uso, hiyo haituhusu, muchukue. Kama ni ya kutafuna, ya kusaidia mwili, ni kifaa ya tiba, na wewe hauna kibali. Ni ya urembo ama ni ya kutafuna?"

Nilimkanyaga Barnabé mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino. Mimi ninayedanganya kila siku bila faida yoyote, nilikuwa na uongo tayari mdomoni, neno moja tu, na swali halikuwa langu.

Barnabé akatazama kazi ya mikono yake. Fundi gani atengeneze meno ya kutafunia, aseme ni pambo?

"Ni ya kutafuna, chefu," akasema. "Bibi yangu anataka kula muhindi."

Olweny akayarudisha kabatini, akafunga, akazungusha waya wenye lakiri ya serikali. "Nitauliza wakubwa wangu. Wakiamua, nitarudi mimi mwenyewe."

Alipoondoka nilichukua kisu cha vitunguu. "Waya gani huu? Hata panya anaukata."

"Acha, Koko," Mbambu akasema nyuma ya pazia. "Sisi ni wakimbizi. Wakitufukuza, Estelle ataenda wapi?"

Wala kutengeneza mengine hakukuwezekana, kipimo kilikuwa ndani, naye mgonjwa hakuwa tena na nguvu ya kushika plasta mdomoni. Barnabé akaenda kumpigia magoti kitandani.

"Ningesema urembo. Neno moja, Mama Estelle. Ningesema urembo."

"Papa Estelle," Mbambu akamwambia, "umeshindwa hata kusema mimi ni murembo?"

Alikuwa anamtania. Akacheka na kiganja mdomoni, na mume akalia kama mtoto. Mimi nikatoka kwenda kugeuza chapati ambazo hazikuwa motoni.

Tulingoja. Kila buti likipita uchochoroni, Barnabé alitoka mbio kutazama. Mbambu akaacha uji, akaacha maji. Asubuhi moja Estelle akaja jikoni kwangu hana viatu, nikajua mama yake ametutoka, nikazima moto.

Olweny alirudi siku hiyo hiyo, jibu kichwani, uso umechangamka. Wakubwa walikuwa wameamua: ni kifaa cha tiba, lakini Barnabé anaweza kuomba kibali, naye angemsaidia. Akakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka nje. Akavua kofia.

Barnabé akamsogelea. "Chefu, nakuomba ile meno. Tunamuzika kesho."

Nadhani Olweny alitaka kukata ule waya bila kuuliza, lakini kazi ilikuwa imemwingia mwilini. "Sasa ni ya nini, muzee?"

"Ya urembo," akasema Barnabé.

Waya ukakatwa.

Barnabé aliyang'arisha mwenyewe, pale pale, kwa kitambaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wamemaliza kumwosha Mbambu na kumvika. Ufizi ulikuwa umekonda kwa ugonjwa, meno yakawa makubwa, ikabidi apige msasa kidogo, ajaribu, atoe, apige tena. Hatimaye yakakaa. Uso wa Mbambu ukajaa. Ndipo nilipojua alikuwa mwanamke wa namna gani huko Butembo, kabla ya ile bunduki.

Barnabé akainama, akamshika kidevu kwa vidole viwili, vile alivyowashika wateja wake wote.

"Uma kidogo, Mama Estelle," akasema. "Polepole. Uniambie inauma wapi."

Akangoja. Tulikuwa watatu mlangoni, Olweny, Estelle na mimi, na sote na maneno yetu tulishindwa kumwambia aache kungoja.