Kidole cha Elinipa

Mke wangu Elinipa hajatamka neno tangu kiharusi kimpige masika. Lakini Jumamosi ile alinishinda kesi kwa kidole kimoja.

Mleta kesi ni binti yetu, Aneth. Alifika hapa Kongowe, Kibaha, na gari la kumhamishia mama yake Kisarawe kwa mama mdogo Margareth, nesi mstaafu. Alishasikia nilivyoshindwa kumnyanyua bafuni.

Nikamwambia kwamba mama yake anaelewa kila kitu, na angependa kubaki kwake.

"Baba, si wewe uliyewapigia kinanda simba wa Magindu wakasinzia?"

Mzee wa kamba, mzoefu wa uongo, akisema kweli, nani atamsadiki?

Mabegi yakaanza kupakiwa. Mimi natazama tu.

Ndipo nikapata ujanja.

Elinipa alikuwa mwalimu wa kwaya. Kuna kipande cha kinanda cha Wazungu wa kale, enzi za Baroko, kinalia mwanzo mwisho, maina tupu, ile sauti ya huzuni. Ila mtunzi alikimalizia kwa meja, sauti ya furaha: noti moja tu inapanda kidogo, msiba wote unatabasamu. Mimi niliyejifunzia redioni nilikuwa naisahau, naye alikuwa akinichapa kiganjani na kusema:

"Usiwaache watu makaburini."

Nikakokota kiti chake hadi kwenye kinanda. Nikapiga. Mwisho nikakosea makusudi, nikaishia kwenye huzuni, vidole nimevikandamiza palepale.

Aneth akatazama saa.

Mkono wa kushoto wa Elinipa ukatambaa. Akakisukuma kidole changu cha kati, akabonyeza kitufe cheusi cha jirani.

Sebule ikaingia jua.

"Umeona? Yumo ndani."

Aneth akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Basi tumuulize mwenyewe. Mama, ubaki hapa na baba? Bonyeza."

Kidole kikatulia.

Nikakikodolea macho. Nikakiomba kimoyomoyo. Wapi.

"Uende kwa mama mdogo?"

Kile cheusi kikalia. Kikalia tena, nisije nikadai kimeteleza.

Nimeangushwa na shahidi niliyemleta mwenyewe.

Siku hizi kila Jumamosi napanda bodaboda hadi Kisarawe, kinanda mgongoni kama mbeba jeneza. Napiga kilekile, nakosea mwisho makusudi, nasubiri kidole.

Ndugu zangu, ukimtetea mtu kwamba bado ana akili zake, jiandae na siku atakayozitumia.